Ile Namba 2.3.1 Kwenye Apu Yako Ina Maana Gani?

Hebu shika simu yako kidogo. Ingia kwenye mipangilio, gusa sehemu ya programu, chagua apu yoyote unayotumia kutuma au kupokea pesa, kisha shuka hadi chini kabisa. Utaona neno "Toleo" na namba kama 2.3.1 au 5.10.0. Wengi wetu hatujawahi kuisoma. Tunaiona tu siku ile apu inapogoma.

Na kawaida hugoma wakati mbaya. Tuseme ni saa kumi na mbili asubuhi pale Dunga. Boti zimeingia, mvuvi anataka pesa yake aende akalale, na mama muuza samaki anataka kulipa haraka abebe ngege wake hadi Kibuye kabla jua halijakuwa kali. Anafungua apu, na apu inamwambia: "Toleo hili ni la zamani. Sasisha ili kuendelea." Bando imebaki kidogo. Nyuma yake kuna wateja wengine wanaongoja samaki wale wale. Afanye nini? Na kwani ni nani aliyeamua kwamba toleo lake limezeeka?

Leo tunataka kujibu maswali hayo mawili. Tutaeleza namba hizo zinapangwaje, programu hupitia hatua gani kabla ya kukufikia, na kwa nini mpango huo unagusa pesa yako. Tutatumia sana mifano ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuutumia. Sababu ni mbili. Kwanza, karibu kila apu ya malipo, pamoja na zetu, imesimama juu ya programu huria. Simu yako ya Android yenyewe ina kiini cha Linux ndani. Pili, programu huria hupanga matoleo yao hadharani, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kujifunza kutokana na makosa yao na mafanikio yao.

Namba tatu, ahadi tatu

Kuna mitindo mingi ya kuhesabu matoleo, lakini unaotumika sana una namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta. Kanuni zake ziliandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Kila namba ni ahadi ambayo waliotengeneza programu wanampa anayeitumia.

Chukua duka lako pale Kibuye. Paa likivuja ukaliziba, mteja akija kesho atakuta duka ni lile lile, ila sasa hanyeshewi. Hiyo ni namba ya mwisho: 2.3.1 inakuwa 2.3.2. Kasoro imerekebishwa na hakuna kilichohama.

Ukiongeza rafu ya sukari na majani chai, mteja wako wa zamani bado atapata unga mahali pake pa kila siku. Hiyo ni namba ya kati: 2.3.2 inakuwa 2.4.0. Kuna kitu kipya, na vya zamani vinafanya kazi kama kawaida. Angalia kwamba namba ya mwisho imerudi sifuri. Ni kawaida, usishtuke.

Lakini ukihamisha duka lote kutoka Kibuye hadi soko la Jubilee, mteja atakayekuja bila taarifa atakuta mlango umefungwa. Hiyo ni namba ya kwanza: 2.4.0 inakuwa 3.0.0. Maana yake ni: "Tumebadilisha kitu ambacho ulikuwa unakitegemea. Tafadhali soma maelezo kabla ya kuendelea."

Na namba ya kwanza ikiwa sifuri, kama 0.4.0? Hapo wenyewe wanakuambia kwamba bado wanajenga. Chochote kinaweza kubadilika wakati wowote. Unaweza kuijaribu, lakini usiweke hesabu ya chama huko.

Mitego miwili ya kusoma namba

Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba nukta hizo ni za desimali. Siyo. Toleo 1.10.0 ni jipya kuliko 1.9.0, ingawa darasani tulifundishwa kwamba 1.10 ni ndogo kuliko 1.9. Soma kila namba peke yake, kama namba za nyumba: baada ya 9 inakuja 10.

Mtego wa pili ni kudhani kila mradi unahesabu kwa mtindo mmoja. Ubuntu, kwa mfano, hutumia tarehe: toleo 24.04 lilitoka Aprili 2024, na la kwanza kabisa liliitwa 4.10 kwa sababu lilitoka Oktoba 2004. Hapo namba inakuambia umri wa kitu, haisemi kama kuna kilichohama. Linux zamani ilikuwa na utaratibu wake: namba ya pili ikiwa shufwa, kama 2.4, toleo ni la kutegemewa. Ikiwa witiri, kama 2.5, ni la wajenzi na majaribio. Utaratibu huo uliachwa, na mwaka 2011 Linus Torvalds aliruka kutoka 2.6.39 hadi 3.0 bila mabadiliko makubwa yoyote, kwa sababu tu namba zilikuwa zimerefuka mno. Naye Donald Knuth, aliyetengeneza programu ya kupanga chapa inayoitwa TeX, huongeza tarakimu moja kila anaporekebisha, ili namba izidi kusogelea ile pai ya hesabu: 3.14159 na kuendelea.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mradi wowote si "mko toleo la ngapi?" bali "namba zenu zinaahidi nini?" Mradi mzuri huandika jibu mapema, kabla ya toleo la kwanza, na kulibandika mahali ambapo kila mtu ataliona.

Mtumbwi hauendi Mfangano siku ya kwanza

Namba hueleza kilichobadilika. Hatua hueleza kimejaribiwa kiasi gani. Na hapa watu wa ziwa hawahitaji mwalimu, maana kila fundi wa boti anajua: huwezi kupigilia mbao leo na kesho kupakia abiria hadi Mfangano.

Alfa ni mtumbwi ambao bado uko kwa fundi. Umbo linaonekana, lakini nyufa hazijazibwa zote. Wanaoupanda ni fundi na wenzake tu, na wanajua watalowa. Katika programu, alfa ni ya wajenzi wenyewe. Mambo yanaongezwa na kuondolewa kila siku.

Beta ni mtumbwi uliowekwa majini karibu na ufuo. Sasa wanapanda watu wachache ambao si mafundi, waliokubali kwa hiari yao, na kazi yao ni kusema maji yanaingilia wapi. Kwenye beta sehemu zote kuu ziko, na wajenzi wanaacha kubuni vitu vipya. Kazi iliyobaki ni kutafuta kasoro.

Mgombea wa toleo ni mtumbwi uliopakiwa mzigo kamili, kama wa safari yenyewe. Kanuni yake ni moja tu: hakuna kinachoongezwa. Kasoro kubwa ikionekana, inarekebishwa, na mgombea wa pili anatolewa. Ikipita siku zilizokubaliwa bila kasoro kubwa, mgombea huyo huyo ndiye anayetangazwa kuwa toleo rasmi.

Kwa maandishi, safari hiyo inaonekana hivi: 1.0.0-alpha.1, kisha 1.0.0-beta.1, kisha 1.0.0-rc.1, halafu 1.0.0 peke yake. Chochote chenye mkia baada ya namba bado hakijafika.

Hata pesa za simu zenyewe zilipita njia hii. M-Pesa haikuanza nchi nzima. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, kwa maajenti 8 na wateja wasiozidi 500 hivi, Nairobi, Mathare na Thika. Lengo la awali lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Lakini waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na wengine wakalipana biashara. Wajenzi walitazama, wakarahisisha huduma, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilikuwa imejengwa juu ya kile watu walichokifanya kweli: kutuma pesa nyumbani. Faida ya hatua za mwanzo ndiyo hiyo. Kasoro zinaonekana mapema, na pia unagundua kwamba watu wanahitaji kitu tofauti na ulichodhania.

Mradi huria uliozaliwa wakati wa dharura

Kuna mradi huria wa Kenya ambao watu wa Kisumu wana sababu ya kuukumbuka. Mwanzoni mwa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mji wetu ukiwa mmoja wa iliyoumia sana, kundi dogo la Wakenya na marafiki zao, wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, lilijenga kwa siku chache tu tovuti ya kukusanya taarifa za matukio na kuyaonyesha kwenye ramani. Wakaiita Ushahidi.

Kitu kilichojengwa kwa siku chache kinaweza kufaa kwa dharura, lakini hakiwezi kukabidhiwa wengine hivi hivi. Kwa hiyo walikijenga upya, wakakijaribu mashariki mwa Kongo mwishoni mwa mwaka huo huo, na hatimaye wakafikia toleo la 1.0. Matoleo yao waliyapa namba na pia majina ya miji: 1.0 liliitwa Mogadishu, na 2.0, lililotoka 2010, liliitwa Luanda. Siyo Luanda yetu ya kule Vihiga, na siyo ile ya Kotieno inakopakia feri ya Mbita. Ni ile ya Angola.

Jina husaidia watu kukumbuka na kuzungumza. Lakini jina halina mpangilio: huwezi kujua kama Luanda inakuja kabla au baada ya Mogadishu mpaka uone namba. Ndiyo maana jina halichukui nafasi ya namba, linaisindikiza tu.

Mfano mwingine wa karibu ni OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret, ulikoanza kutumika 2006. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. Huko utakuta tabaka: kuna jukwaa la chini lenye namba yake, na kuna programu za juu zenye namba zao. Kila moduli husema inahitaji jukwaa la kuanzia toleo fulani. Ukiweka moduli mpya juu ya jukwaa la zamani, inakataa kuwaka. Hilo ni jambo zuri. Afadhali ikatae mbele ya fundi kuliko ikubali halafu ikosee rekodi ya mgonjwa, ama salio la mteja.

Namba ilipookoa watu, na hatua zilipookoa watu

Pengine unajiuliza kama haya yote si mambo ya mafundi tu. Angalia matukio mawili.

Desemba 2021 ilitangazwa hadharani kasoro kubwa katika Log4j, kipande huria kinachotumiwa na mifumo mingi duniani kuandika kumbukumbu za kinachotokea ndani. Kupitia kasoro hiyo, mtu wa mbali angeweza kuendesha maagizo yake kwenye kompyuta isiyo yake. Toleo 2.15.0 likatoka kurekebisha. Ikaonekana halitoshi, likaja 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, yote ndani ya mwezi ule ule. Mafundi wa mabenki na kampuni za malipo kila mahali walikuwa wanaulizana swali moja tu: "Nyinyi mko kwenye ngapi?" Aliyejua namba yake alijua ndani ya dakika kama yuko salama. Ambaye hakuwa na orodha ya namba zake alikesha akitafuta.

Tukio la pili ni la Machi 2024. Mhandisi anayeitwa Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake ya mbali kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Hakuipuuza. Alipochimba alikuta kwamba xz, kipande huria cha kubana mafaili, kilikuwa kimewekewa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alikuwa amejipatia imani ya mradi huo polepole kwa zaidi ya miaka miwili.

Kilichozuia hasara kubwa ni hatua. Matoleo hayo mawili yalikuwa yamefika kwenye matawi ya majaribio ya mifumo kama Debian na Fedora, lakini yalikuwa bado hayajaingia kwenye tawi la kutegemewa la Debian, ambalo watu huendeshea kazi zao halisi. Kungoja, jambo ambalo wengi huliona ni uvivu, ndiko kulikowapa watu muda wa kugundua.

Na tazama tatizo la namba lililofuata. Debian walitaka kuwarudisha watu kwenye toleo la zamani lililo salama. Lakini mfumo wa kusasisha hupanda tu, haushuki: ukimpa 5.4.5 mtu mwenye 5.6.1, simu au kompyuta itasema "tayari ninayo mpya." Wakalazimika kuliita "5.6.1+really5.4.5", yaani linaonekana kama la juu lakini ndani ni lile la chini. Funzo: namba ikishatoka haiitwi tena nyumbani. Ukikosea, unatoa namba mpya ya juu. Hautumii namba ile ile mara ya pili kwa kitu tofauti.

Mpango kamili: daftari la chama

Vijana wengi wa huku, wa vyuo na wa vituo kama LakeHub, wanajenga programu zinazounganishwa na malipo ya simu. Basi tuchukue mfano wa kikundi kinachotaka kujenga apu huria ya daftari la chama: michango, mikopo, faini, na kugawana mwisho wa mwaka. Mpango wao unaweza kuwa hivi.

Kwanza, 0.1.0 hadi 0.9.0: wanajenga. Pesa wanazoandika humo ni za kubuni.

Pili, 1.0.0-beta.1: chama kimoja kinakubali kujaribu. Lakini daftari la karatasi linaendelea kuandikwa sambamba, na kila wiki wanalinganisha. Mahesabu yakitofautiana hata kwa shilingi moja, hiyo ni kasoro, inaandikwa.

Tatu, 1.0.0-rc.1: mzunguko mmoja mzima, kuanzia mchango hadi kugawana, bila kuongeza chochote kipya. Wanaandika mapema nini kitawazuia kutoa toleo. Kwa mfano: "Hatutoi kama kuna hesabu yoyote isiyolingana, au kama rekodi inaweza kupotea simu ikizima katikati." Kuandika mapema ni muhimu, kwa sababu siku ya kutoa ikikaribia kila mtu huwa na haraka, na kasoro huanza kuitwa "ndogo tu".

Nne, 1.0.0: toleo rasmi. Kuanzia hapa namba ni ahadi.

Sasa tuone ahadi hiyo ikijaribiwa. Chama kina shilingi 10,000 za kugawana kwa wanachama 7. Kila mmoja anapata 1,428 na senti kadhaa. Maelezo ya apu yanasema senti zinaachwa na salio linabaki kwenye mfuko wa chama: 1,428 mara 7 ni 9,996, zinabaki shilingi 4. Lakini apu ilikadiria kwenda juu, 1,429 kwa kila mmoja, jumla 10,003. Shilingi 3 hazipo popote, na mtu wa mwisho hatalipwa sawa. Hiyo ni kasoro, maana apu haikufanya ilichoahidi. Dawa yake ni 1.0.1.

Wiki zinapita, wanachama wanaomba kila mmoja apate taarifa yake kwa SMS. Hicho ni kitu kipya kisichovuruga cha zamani: 1.1.0.

Kisha chama kingine kinasema, "Kwa nini salio libaki kwenye mfuko? Apewe aliyechanga mapema." Hapo angalieni sana. Apu ya zamani haikukosea, ilifuata makubaliano. Ukibadilisha kanuni yenyewe kwa kila mtu, umehamisha duka. Hiyo ni 2.0.0. Afadhali iwe chaguo la kuwasha kwa anayetaka, na hapo inatosha kuwa 1.2.0.

Kwa nini tunakazania hili? Fikiria mweka hazina amesasisha hadi 2.0.0 na nusu ya wanachama wako bado kwenye 1.1.0. Simu zinaonyesha mgao tofauti. Hakuna aliyeiba, lakini kwenye kikao cha Jumapili nani atasikiliza habari za matoleo? Watu wataanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya. Chama kinaweza kuvunjika kwa sababu ya namba iliyoandikwa vibaya.

Ndiyo maana kabla ya toleo kubwa kuna adabu tatu. Toa onyo ndani ya toleo la kabla yake: "Kuanzia mwezi fulani, kanuni hii itabadilika." Andika orodha ya mabadiliko kwa lugha ambayo mwanachama ataielewa, siyo ya mafundi peke yao. Na endelea kurekebisha kasoro za toleo la zamani hadi tarehe uliyoitangaza, ili asiyeweza kuhama leo asiachwe majini.

La mwisho kwenye mpango ni kalenda. Usitoe toleo kubwa Ijumaa jioni, wala mwisho wa mwezi, wala Desemba vyama vinapogawana. Kwa vyama vya ufuoni, ile miezi ambayo uvuvi wa omena umefungwa ni nafasi nzuri ya majaribio, kwa kuwa pesa zinazozunguka ni kidogo na kosa halitaumiza watu wengi.

Wewe kama mteja, ufanye nini?

Usisasishe kutoka kwenye linki uliyotumiwa. Matapeli wanajua neno "toleo jipya" linavutia. Ukipata SMS au ujumbe wa WhatsApp unaosema "pata beta ya apu yako hapa", achana nayo. Sasisha kutoka duka rasmi la programu kwenye simu yako. Na hakuna hatua yoyote, iwe alfa, beta wala rasmi, ambapo mtu atakupigia akuombe PIN.

Usishangae jirani akipata toleo jipya kabla yako. Matoleo mengi husambazwa kidogo kidogo, asilimia chache ya watu kwanza, ili kasoro ikionekana isambazaji usimamishwe kabla haijafika kwa wote. Subira hapo ni kinga yako.

Ukiingia kwenye beta, ingia ukijua. Hiyo ni kujitolea kupanda mtumbwi wa majaribio. Usiitumie kwenye simu yenye till ya biashara wala pesa za chama.

Ukitupigia kwa shida, tuambie namba ya toleo. Neno "apu imekataa" linatuacha gizani. "Niko kwenye 5.9.2 na inagoma nikibonyeza Tuma" linatupeleka moja kwa moja kwenye tatizo. Mara nyingine tutakuambia hapo hapo kwamba 5.9.3 tayari imelirekebisha.

Sasisha jioni, usingoje asubuhi ya kazi. Ukiwa na Wi-Fi, au bando ya usiku, na chaji ya kutosha. Mabadiliko ya namba ya mwisho yachukue mapema, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yanayoziba mianya. Ikibadilika namba ya kwanza, soma kwanza maelezo.

Na kama unatumia kabambe, usiwe na wasiwasi. Ile menyu unayoipata kwa kupiga nyota na reli haikai kwenye simu yako. Inakaa kwetu, sisi ndio tunaoisasisha. Hakuna cha kupakua.

Hapo ndipo tunarudi kwa mama yetu wa Dunga. Apu imegoma, mvuvi anangoja. Asihangaike kupakua kwa bando ya mwisho huku watu wakimsukuma. Apige menyu ya nyota na reli, amlipe mvuvi, achukue samaki wake aende sokoni. Jioni, akishafunga hesabu, asasishe apu kwa utulivu.

Na kuhusu nani aliamua kwamba toleo lake limezeeka: ni sisi, na tunapaswa kuwa na sababu. Kumlazimisha mteja asasishe ni jambo la kufanywa tu pale toleo la zamani lina mwanya wa usalama, au pale mfumo umebadilika kiasi kwamba toleo hilo linaweza kukosea hesabu. Kwa mabadiliko mengine yote, onyo litangulie. Ukiona tumekufungia mlango bila onyo, tuulize. Taja namba ya toleo lako, nasi tutakueleza ni kwa nini.